Si kila kinachopinda ni nyumbufu

Mhariri,

Katika habari zinazofasiriwa kutoka Kiingereza, neno "nyumbufu" limebebeshwa mzigo usio wake. Ratiba ni nyumbufu, uchumi ni nyumbufu, waya wa shaba ni nyumbufu, na mcheza sarakasi naye ni nyumbufu. Waliokiandika Kiingereza chenyewe hawakusema hivyo. Wana maneno zaidi ya kumi ya jambo hili, na mengi yalizaliwa kwenye kitendo cha mkono au cha mwili: kupinda, kukunja, kufua, kuvuta, kufinyanga, kuruka. Anayekijua kitendo hicho hapati taabu kuchagua neno. Anayetegemea kamusi ndogo inayotoa neno moja kwa neno moja atakosea tu.

Pana kuliko yote ni "flexible". Asili yake ni kitenzi cha Kilatini flectere, yaani kupinda, na liliingia Kiingereza kwa mlango wa Kifaransa mwanzoni mwa karne ya 15. Ndugu zake wametapakaa: "reflect" ni kuupindisha mwanga urudi ulikotoka, "deflect" ni kukitoa kitu njiani, na "inflection" ya wanasarufi ni kupinda kwa umbo la neno. Neno hili halisemi lolote kuhusu kinachotokea baada ya kupinda. Kitu kinaweza kurudi kama kilivyokuwa au kikabaki kimepinda, mradi hakikuvunjika. Ndiyo maana linafaa kwa bomba, kwa mgongo, kwa mkataba na kwa ratiba.

"Pliable" na "pliant" si hilo. Haya yanatokana na plicare, kukunja kama inavyokunjwa nguo, kitenzi hichohicho kilichozaa "complicated", kilichokunjwakunjwa pamoja. Kwa ngozi au kwa nta ni sifa nzuri. Kwa mtu ni tusi lililovaa suti. Mwanasiasa akiitwa flexible anasifiwa kwamba anajua kusoma hali. Akiitwa pliable, mwandishi anadokeza kwamba kuna mkono unaomkunja. Ukifasiri yote mawili kuwa "anayebadilika kulingana na mazingira", umeifuta habari.

"Supple" lilitoka kwa mtu aliyepiga magoti kuomba, supplex kwa Kilatini, ila leo unyenyekevu umekwisha, limebaki kwenye viungo vya mwili na ngozi laini. "Lithe" ni la Kiingereza cha kale, na hapo mwanzo lilimaanisha upole; sasa husemwa kuhusu mwili mwembamba unaojongea kwa wepesi, si kuhusu ratiba wala chuma. Lililosafiri mbali zaidi ni "buxom". Limejengwa juu ya kitenzi cha kale cha kupinda, na katika karne ya 12 lilimaanisha mtiifu. Katika kiapo cha zamani cha ndoa huko Uingereza, bibi harusi aliahidi kuwa buxom kwa mumewe. Baadaye likawa mchangamfu, kisha mwenye afya, na leo ni mwanamke mwenye kifua kikubwa. Binamu yake wa Kijerumani, biegsam, hakwenda popote: bado ni kitu kinachopindika. Anayefasiri maandishi ya kale kwa kamusi ya leo atamwaibisha bibi harusi bila sababu.

Kosa lenye madhara zaidi liko kwenye "elastic". Wengi hudhani neno hili lilianzia kwenye mpira, na kwamba kitu cha namna hiyo ni kile kinachovutika sana. Lilianzia kwenye hewa. Mzizi wake ni kitenzi cha Kigiriki cha kusukuma na kuendesha, na mnamo 1651 tabibu Mfaransa Jean Pecquet alilitumia kwa Kilatini kueleza jinsi hewa iliyobanwa inavyotanuka yenyewe ikiachiwa. Roho ya neno hili ni kurudi. Hatuulizi kitu kimevutika kiasi gani. Tunauliza kikiachiwa kinarejea kama kilivyokuwa au hakirejei.

Kwa kipimo hicho chuma cha pua ni elastic barabara. Chukua nondo ya kawaida yenye urefu wa mita moja. Ivute mpaka iongezeke takriban milimita moja na robo, kisha iachie: inarudi palepale. Ipitishe hapo, nayo haitarudi yote. Sehemu ya urefu ule mpya imeshakuwa yake. Mhandisi atakwambia imeingia hali ya "plastic". Neno hili ni la Kigiriki cha mfinyanzi, plassein, kufinyanga, nalo lilikuwapo katika Kiingereza tangu karne ya 17, muda mrefu kabla ya ndoo na mifuko. Mfasiri akiandika kwamba nguzo za jengo "zilipata mabadiliko ya plastiki", msomaji atadhani mkandarasi alibadilisha vifaa. Kilichosemwa ni kwamba nguzo zilipinda na hazitanyooka tena. Ni taarifa ya hatari hiyo.

Ndani ya hali hiyo ya kutorudi kuna maneno mawili yanayochanganywa hata vitabuni. "Malleable" limetoka kwenye malleus, nyundo, jina lilelile la kimfupa kidogo ndani ya sikio. "Ductile" limetoka kwenye ducere, kuongoza au kuvuta. La kwanza ni kitu kinachofulika: ukikigonga kinatandazika badala ya kupasuka. La pili ni kitu kinachovutika mpaka kikawa waya. Dhahabu inaweza yote mawili. Gramu moja yake huvutwa ikatoa waya mwembamba wa zaidi ya kilomita 2. Metali ya risasi ndiyo inayotoa siri. Ipige nyundo itatandazika vizuri, lakini jaribu kuivuta iwe waya mwembamba, itakatika mapema, kwa sababu haina nguvu ya kuhimili mvuto. Kubanwa na kuvutwa ni majaribu mawili, na metali inaweza kufaulu moja ikafeli la pili.

Sasa "resilient", linalopendwa na wanaoandika habari za uchumi. Ni salire, kuruka, pamoja na re ya kurudi: kuruka kurudi nyuma. Katika mekanika ni nishati ambayo kitu hupokea kikibanwa au kikivutwa, kisha huirudisha kikiachiwa, kama springi. Tafsiri iliyozoeleka, "ustahimilivu", inashika nusu tu, maana anayestahimili anaweza kubaki chini akiugulia. Hata hivyo nusu hiyo ina mahali pake. Mwaka 1973 mwanaikolojia C. S. Holling alilitumia neno hili kwa uwezo wa mfumo wa viumbe kufyonza mabadiliko na bado kudumu, hata kama haurudi palepale ulipokuwa. Katika habari za misitu na tabianchi, basi, ustahimilivu ni sawa. Katika uchumi inabidi kusoma aya nzima kwanza. Kama takwimu zilishuka kisha zikapanda, andika "uchumi ulioinuka tena". Kama hazikushuka licha ya misukosuko, andika "uchumi uliohimili mishtuko". "Uchumi nyumbufu" haumwambii msomaji lipi kati ya hayo limetokea.

Kwa sayansi, ninapendekeza dawati lako litenge maneno haya: "nyumbufu" libaki la elastic peke yake, "-a kufulika" liwe la malleable, "-a kuvutika" la ductile, na "-a kufinyangika" la plastic. Flexible lipewe "-a kupindika" kwa vitu, na kwa ratiba na mikataba iandikwe tu kwamba inaweza kubadilishwa.

Mfasiri wa habari za sayansi na uchumi