Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Majaribio ya Zana na Mbinu za Kilimo

Ndugu wanachama,

Kazi za kawaida zilifanyika kama mnavyojua: mashine za kupandia zilikaguliwa, mabomba ya kupulizia dawa yalipimwa. Kanuni haijabadilika. Kinga maji safi ya kila nozeli (ncha ya bomba inayotoa dawa) kwa dakika 1. Inayozidi nozeli mpya kwa zaidi ya asilimia 10 imelika, ibadilishwe. Lita kwa hekta ni lita za nozeli moja kwa dakika mara 600, gawanya kwa kasi (kilomita kwa saa) mara nafasi ya nozeli kwa mita. Nozeli ya lita 0.8, kasi 6, nafasi mita 0.5: lita 160.

Sasa nije kwenye jambo lililozua maneno, yaani uamuzi wa kutotangaza mshindi kati ya kulima kwa plau na kupanda bila kulima. Uamuzi huo niliupendekeza mimi, kamati ikauridhia, na bado nausimamia. Katika mashamba yaliyoleta matokeo, kila mbinu ilipewa ukanda mmoja tu, yaani kipande kimoja kirefu cha shamba. Ukanda mmoja ukiangukia bondeni penye unyevu na mwingine mwinukoni, unapima udongo, hupimi plau. Jaribio linataka marudio yasiyopungua 4, yaani kila mbinu ipate kanda 4 au zaidi, na katika kila rudio mpangilio wa kanda uamuliwe kwa bahati nasibu.

Uzito wa mavuno nao ulikuja wa kila namna. Wapo waliohesabu magunia, na gunia hujazwa kwa mkono wa mjazaji. Wapo ambao hawakumwaga tangi lote la kombaini (mashine ya kuvunia) kabla ya ukanda unaofuata, punje zikachanganyika. Mistari ya pembeni, inayopata mwanga zaidi na kuathiriwa na ukanda wa jirani, ilivunwa pamoja na ya kati. Unyevu haukupimwa. Kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 20 ni sawa na kilo 92 tu kwenye asilimia 13: zidisha uzito kwa 80 (100 toa 20), gawanya kwa 87 (100 toa 13). Tofauti hiyo peke yake yatosha kumpa ushindi asiyestahili. Ningetangaza, mwanachama angeuza plau yake kwa neno langu.

Nasikitika kusema kwamba wanaolalamika zaidi ndio ambao hatukuwaona siku ya kupima kanda na kuzipanga kwa bahati nasibu. Mahudhurio yalikuwa hafifu mno, na ada za wengi hazijalipwa. Kipima unyevu kinahitaji kuhakikiwa kila msimu, na mzani vilevile. Fedha hizo hutoka kwenye ada, hazina chanzo kingine.

Msimu ujao tunatarajia kurudia jaribio hilo kwa utaratibu kamili, na hali ikiruhusu tutaongeza vifaa. Anayetaka kutoa shamba alete ada pamoja na kumbukumbu za misimu iliyopita: zao, mbolea, na sehemu zinazotuamisha maji.

Mwenyekiti