Kitanda Kikiwa Mbali na Njia

Karibu kila anayetuandikia kuulizia likizo ya kutembea mashambani huanza na mambo mawili: atembee kilomita ngapi kwa siku, na alale chumba cha namna gani. Kilomita 15, basi, na chumba chenye bafu lake na dirisha la kutazama bonde. Ni maombi ya haki na tunayatimiza. Lakini lipo jambo la tatu ambalo ni wachache mno wanaoliuliza, nalo limeharibu likizo nyingi kuliko mvua. Jioni ukishaiacha njia, hadi kufika mlangoni pa nyumba utakayolala ni mwendo gani? Na unapita wapi?

Tulijifunza hilo miaka ya mwanzo kwa kuwaumiza wageni wetu wenyewe, na mpaka leo linatuuma. Walikuwa dada wawili, mtu na mdogo wake, wote wamevuka miaka hamsini, watembeaji hodari. Tuliwapa nyumba ambayo picha zake zilitupendeza sisi wenyewe: kuta za mawe, bustani, shuka nyeupe zilizopigwa pasi. Kwenye ramani ilikuwa kilomita 3 tu kutoka njiani. Tukasema, kilomita 3 ni kitu gani kwa mtu anayetembea 17? Jioni ile walifika njia panda saa kumi na moja, wamechoka uchovu ule mtamu wa kushinda vilimani, wakaanza kuzimaliza hizo 3. Zilikuwa za lami. Pembeni hapakuwa na pa kukanyaga, magari yaliwapita ubavuni, na kipande cha mwisho kilikuwa mlima mtupu. Mwenye nyumba alipotupigia simu, yule mkubwa alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlangoni, buti bado miguuni, kamba zimemshinda kufungua. Alituambia neno moja: "Njia ilikuwa nzuri sana, lakini nikifumba macho naona lami tu."

Na asubuhi hizo hizo 3 zinakungoja tena kabla hujaanza safari yenyewe. Piga hesabu ya nyumba tano za namna hiyo: kilomita 30 za barabara, sawa na siku mbili kamili za likizo uliyoilipia ili uone mabonde.

Tangu hapo tunapima siku kuanzia kitandani hadi kitandani. Tukikuandikia kilomita 14, ni 14 za kutoka mlango mmoja hadi mwingine, pamoja na kile kijia cha kushuka hadi kijijini na kile cha kupandia tena kesho yake. Nyumba tunazozipenda ni zile zilizo ndani ya dakika 10 au 15 kutoka njiani, kwa kijia cha udongo au nyasi. Pale ambapo hakuna nyumba ya karibu, na zipo njia zenye vipande virefu visivyo na kijiji, tunatuma gari likufuate njia panda, na asubuhi linakurudisha pale pale lilipokuchukua. Wengine huona haya kupanda gari katika likizo ya kutembea. Usione haya. Ulichokuja kutembea ni njia, na hatua yako hata moja ya njia haijapotea.

Tuseme wazi pia kwamba uamuzi huu una gharama yake. Mara nyingine nyumba iliyo jirani na njia ni ya kawaida kuliko ile ya kupendeza iliyo mbali: vyumba vidogo, samani za zamani, mapazia yaliyopauka. Tukilazimika kuchagua, tunachagua ya karibu. Saa kumi na mbili jioni, mtu aliyetembea kutwa hana haja kubwa na mapazia.

Tukija kwenye kilomita zenyewe, hapo ndipo watu wengi hujidanganya bila kujua. Kilomita ni kipimo cha ramani. Miguu hupima kwa saa. Mpanda milima wa Scotland, William Naismith, aliweka mwaka 1892 kanuni ambayo watembeaji bado wanaitumia: saa moja kwa kila maili 3, na saa moja ya nyongeza kwa kila futi 2,000 za kupanda. Kwa vipimo vya leo ni takribani kilomita 5 kwa saa, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za mwinuko. Kilomita 15 za tambarare, kwa hiyo, ni saa tatu. Kilomita 15 hizo hizo zikiwa na mita 900 za kupanda ni saa nne na nusu, na hapo hujasimama kunywa maji, hujapiga picha, hujafungua wala kufunga geti la malisho, hujakaa juu ya jiwe kwa sababu tu upepo ni mzuri. Sisi huongeza nusu ya muda huo, inakuwa karibu saa saba. Ukitoka saa tatu asubuhi unafika karibu na saa kumi jioni, bado kuna mwanga, na bado una hamu ya kuoga na kukaa bustanini. Uswisi wamelielewa hili siku nyingi: vibao vya njano vya njia zao za miguu humwonyesha mtembeaji saa na dakika zilizobaki.

Mfano tunaopenda kuwaonyesha wateja ni njia ya pwani ya kusini-magharibi mwa Uingereza, South West Coast Path. Ina kilomita 1,014, na kwa kuwa ni ya pwani, mtu huwaza mchanga na tambarare. Ukiitembea yote, jumla ya kupanda ni kama mita 35,000, karibu mara nne ya urefu wa Everest kutoka usawa wa bahari. Sababu yake ni vijito. Kila kijito kimechimba bonde lake hadi baharini, hivyo njia huteremka hadi ufukweni, huvuka maji, kisha hupanda tena upande wa pili hadi ukingoni mwa jabali, na baada ya muda si mrefu inakutana na kijito kingine. Mgeni aliyepanga kilomita 22 kwa siku kwa kuangalia ramani tu atazijua habari hizo kwa magoti.

Kinyume chake ni visiwani Madeira, kule Ureno. Huko watu walichimba mifereji ya kupeleka maji mashambani, wanaiita levada, na mfereji wa maji lazima uinamie kidogo tu, la sivyo maji yatakwenda kasi na kuharibu kingo. Kijia kinachofuata mfereji nacho kinakuwa karibu sawa, hata ubavuni mwa mlima mkali. Mtu asiyeweza kupanda anaweza kutembea hapo kilomita nyingi kwa raha. Ila vipo vipande vyembamba vyenye bonde refu upande mmoja, kwa hiyo anayeogopa kutazama chini lazima atuambie mapema. Urahisi wa mapafu na utulivu wa moyo ni mambo mawili tofauti, na fomu zetu huuliza yote mawili.

Sasa tuseme kuhusu kushuka, maana hapa ndipo tunapobishana zaidi na wateja. Wanaogopa kupanda. Wanauliza kilele kina urefu gani, watakihema vipi. Tunawajibu kwamba kupanda kutakuchosha leo, lakini kinachokuvunja nguvu kesho kutwa ni kushuka. Unapopanda, misuli ya mbele ya paja hujikunja na kukusukuma juu. Unaposhuka, misuli hiyo hiyo hufanya kazi huku inavutwa, kama mtu anayeteremsha ndoo nzito kisimani kwa kamba, taratibu, asije akaiachia. Kazi hiyo ya kushika breki huumiza nyuzi ndogo ndogo za misuli, na maumivu yake hayaji papo hapo. Huchelewa, kisha hufikia kilele kati ya saa 24 na 72 baadaye. Ndiyo maana mgeni hutuambia siku ya kwanza ilikuwa safi, ya pili ilikuwa safi, na asubuhi ya tatu ameshuka ngazi za nyumba ya wageni kinyumenyume ameshikilia reli kwa mikono miwili.

Kwa sababu hiyo, siku fupi kwenye ratiba zetu ni ya tatu. Wengi hushangaa, wangeiweka ya kwanza, kwa kupasha mwili moto. Siku ya tatu tunakulaza nyumba ile ile usiku wa pili, unatembea saa mbili au tatu bila mzigo, au hutembei kabisa. Na siku ya kwanza tunachagua njia yenye mteremko mdogo, hata kama mandhari bora yako upande mwingine. Mandhari hayo tutayafikia siku ya nne, ukiwa na miguu ya kuyafurahia. Fimbo mbili za kutembelea nazo husaidia sana magoti kwenye mteremko. Tunazo za kuazima, uliza tu.

Mteremko huo huo ndio unaotufanya tuulize swali ambalo wenye nyumba huliona la ajabu: chumba kiko ghorofa ya ngapi, na lifti ipo? Nyumba nyingi za mashambani ni za zamani, ngazi zake ni nyembamba na zinazunguka. Chumba cha darini chenye dirisha zuri kinapendeza kwenye picha. Kwa mtu aliyeshuka mita 800 siku hiyo, tunaomba cha chini.

Maana starehe ya mtembeaji si ile ya mtalii wa mjini. Bafu la kujilaza lina thamani kuliko televisheni. Chumba cha kukaushia kina thamani kuliko vyote. Hebu fikiri mmefika watu wanane mvua imewapiga tangu saa sita. Nyumba isiyo na mahali pa kukaushia, makoti yatatundikwa juu ya vitanda na asubuhi yatavaliwa mabichi. Nyumba inayojua watembeaji ina chumba kidogo nyuma ya jiko, chenye joto la wastani, kulabu ukutani na waya wa kuanikia. Mwenye nyumba huchukua buti zako, huchomoa nyayo za ndani na kuzianika pembeni, hujaza magazeti yaliyofinyangwa hadi kwenye vidole, na kabla ya kulala huyatoa yale yaliyolowa na kuweka mengine makavu. Hazisogezi karibu na moto, kwa kuwa joto kali hukausha ngozi ikapasuka na kuachanisha gundi ya soli. Tumeacha kutumia nyumba za kifahari kwa sababu ya chumba hicho kimoja.

Lingine ni chakula cha jioni. Tunauliza kama kinapikwa hapo hapo, au mahali pa karibu pa kula pako wapi na panafungwa saa ngapi. Kilomita mbili kwenda na mbili kurudi gizani baada ya siku ya saa saba ni lami ya wale dada wawili kwa jina jingine.

Mzigo mkubwa hubebwa na gari. Kwenye njia zinazotembelewa sana, kama West Highland Way ya Scotland yenye kilomita 154, huduma hiyo ni jambo la kila siku: unaacha begi mapokezi asubuhi, jioni unalikuta nyumba inayofuata. Tunakuomba liwe begi moja, lenye jina lako, na liwe tayari kabla hujaketi kula. Dawa zako, koti la mvua na nguo moja ya joto visipande gari. Kila mita 1,000 unazopanda hewa hupoa kwa takribani nyuzi 6 au 7, na gari lenye sweta lako liko bondeni.

Kuhusu buti tutasema machache, kwa kuwa duka lolote zuri litakueleza. Zinunue jioni, mguu ukiwa umevimba kama utakavyovimba njiani, na uzivae wiki kadhaa kabla. Soksi za pamba hushika jasho, na ngozi iliyolowa huota malengelenge haraka. Ukihisi sehemu imepata joto, simama hapo hapo, vua, bandika plasta. Usiseme utavumilia hadi chakula cha mchana.

Wateja hutuuliza kwa nini tunataka tarehe mbili za kuanza badala ya moja. Nyumba zilizo karibu na njia ni ndogo, nyingine zina vyumba vinne tu, na safari ya nyumba hadi nyumba ni mnyororo: usiku mmoja ukikosa, yote inasimama. Tena kwenye njia ndefu watu wengi huanza mwishoni mwa wiki, wakasogea pamoja kama wimbi, wakilala vijiji vile vile usiku ule ule. Ukiweza kuanza Jumanne au Jumatano, unatembea nyuma ya wimbi hilo. Vyumba vinapatikana, na njia ina ukimya.

Unapotuandikia, basi, tuambie mara ya mwisho ulitembea saa ngapi mfululizo na ulijisikiaje kesho yake. Tuambie nani katika kundi lenu hutembea polepole kuliko wote, kwa kuwa ratiba tutaiandika kwa mwendo wake. Kama unaogopa kutazama chini, sema. Kisha tafuta jengo lenye ghorofa nne, ushuke ngazi zote kwa mwendo wako wa kawaida, na utuandikie magoti yamesemaje.