Mchango wa mtaro na ukuta wa shule: tuwahi mvua za Desemba

Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleikum. Wanafunzi wetu wa zamani, wazazi, walezi na majirani: wakubwa shikamooni, wengine habari za siku.

Tunaandika kwa aibu. Mwaka juzi tuliwaomba madawati, mkatoa 64. Leo 41 yamerundikwa nyuma ya stoo, mbao zimevimba na kupasuka, na harufu haitoki hata ukisugua na dawa. Hatukuyauza, kama baadhi yenu mlivyoambiwa. Yalilala majini usiku mmoja wa Februari, na maji yenyewe hayakuwa ya korongo peke yake.

Mnakumbuka mabwawa ya majitaka kule juu, mlikokuwa mkipita mbio huku mmeziba pua. Enzi zile yalikuwa porini. Sasa mji umeyafikia na kuyapita, na magari ya kunyonya vyoo yanapanda kutwa nzima. Huku Kanda ya Kati tulizoea kuliachia jua kazi hiyo: mvua ni Desemba hadi Aprili, miezi saba iliyobaki jua linakunywa. Lakini majitaka hayana kiangazi. Yanaingia kila siku, tope linajaa chini, na Desemba inapofika bwawa halina tena nafasi ya kupokea mvua. Ardhi yetu nayo ikishakauka ni kama sakafu, maji hayazami, yanakimbia. Tuta la udongo likishapitiwa na maji juu, huanza mfereji wa upana wa kidole. Baada ya saa moja ni mlango.

Asubuhi ile watoto wa darasa la kwanza walikuta tope jeusi limefika magotini. Mnaikumbuka ile a e i o u iliyochorwa ukutani, chini kabisa, ili mtoto aifikie kwa kidole? Alama ya maji imepita juu yake. Tumepaka chokaa mara mbili, inarudi. Unga wa uji, magunia mawili, tuliuzika. Wiki tatu watoto walisomea chini ya mbuyu, na wengine waliharisha. Tunamshukuru Mungu ilikuwa usiku. Ingekuwa saa nne asubuhi, tungekuwa tunaandika barua nyingine.

Mmoja wa wazee wa kamati alikuwa Makka kwa Hija mwaka 2009. Anasimulia jinsi Novemba 25 mvua ya saa chache ilivyoizamisha Jidda, mji wa jangwani, watu zaidi ya 100 wakafa. Nyuma ya mji palikuwa na ziwa la majitaka lililojazwa na malori miaka na miaka kwa sababu nyumba nyingi hazikuwa na mabomba ya kuyatoa. Walikuwa wakiliita Ziwa la Miski (Waarabu nao wana utani wao). Bwawa lake halikuvunjika, ila mji mzima uliishi kwa hofu hadi lilipokaushwa mwaka uliofuata. Gaza hawakupona: Machi 27, 2007 tuta la shimo la majitaka lilibomoka juu ya kijiji cha Umm al-Nasr, wakafa watu wasiopungua 5.

Kupanua mabwawa si kazi yetu. Tumeandika barua, tumejibiwa kwa heshima, tunasubiri. Tunachoweza ni kuyageuzia maji njia: ukuta wa gabioni (makasha ya waya yanayojazwa mawe) upande wa juu, na mtaro wa kuyarudisha korongoni.

Hesabu ni hii. Gabioni 60 shilingi 4,500,000, mawe lori 22 shilingi 3,300,000, saruji mifuko 160 shilingi 2,800,000, mchanga na kokoto 1,000,000, fundi 1,400,000. Jumla 13,000,000. Mkononi tuna 3,450,000, na nusu yake imetoka kwa akina mama wanaouza mboga getini. Wenye magari, mmesoma? Kibali kipo, stakabadhi zitatolewa, na mapato na matumizi yatabandikwa ofisini na kusomwa kwenye mkutano wa wazazi.

Mchango ni wa hiari. Hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa sababu mzazi wake hakutoa. Ila wale wa mwaka wa 1998, mnaotuma picha za harusi kila Jumapili, tunawasubiri. Wenzenu wa 2003 wameshaleta lori tatu za mawe bila kuombwa mara ya pili.

Namba ya mhazini iko kwenye kadi. Asiye na fedha alete mawe, asiye na mawe ana mikono. Msaragambo ni kila Jumamosi saa moja asubuhi, tunaanzia upande wa darasa la kwanza. Sururu zipo. Njooni na mabuti, maana kule juu bado hapajakauka vizuri.

Mwenyekiti, kwa niaba ya Kamati ya Shule