Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Anga za Juu la Kenya: lori tupande la wenzetu, mzigo uwe wetu

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Salaam kutoka Malindi. Si mbali na hapa, Ngomeni, jukwaa la San Marco limesimama baharini kwa miguu yake ya chuma. Hapo ndipo iliporushwa setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru. Jina lilikuwa letu na bahari yetu, ila vifaa vya kunasa eksirei za nyota vilivyokuwa ndani vilikuwa vya Wamarekani. Sifa nazo zilifuata vifaa: Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Setilaiti ni lori tu, bwana. Watu hulipia mzigo.

Na lori siku hizi limekuwa rahisi. Tangu 1999, vyuo viwili vya California vilipobuni setilaiti ya mchemraba wa sentimita 10 kila upande, bodi, betri na paneli za jua huagizwa zikiwa tayari. Usafiri nao ni wa matatu: Januari 2021 roketi moja ya Falcon 9 ilibeba setilaiti 143. Setilaiti yetu ya Taifa-1 ilipanda hivyo hivyo tarehe 15 Aprili 2023 kutoka Vandenberg, Marekani, ikibanana na za wengine. (Kasoro nayo ni ya matatu: utashushwa wanaposhuka wote.) Bei ya fremu ya setilaiti na nauli ikishuka, ushindani huhamia kwenye kinachobebwa, yaani kamera, rada, vifaa vya mawasiliano, na huko ndiko kampuni changa zinakokimbilia.

Taifa-1 siibezi. Wahandisi wetu waliiunda pamoja na kampuni ya EnduroSat ya Bulgaria, na hatua ya kwanza lazima ipigwe. Lakini mzigo wake ni kamera, na kamera haioni kilicho chini ya mawingu.

Mimi huwachorea ramani wakulima na wafugaji wa delta ya Tana. Mwisho wa Aprili 2024, mto ulipovunja kingo, mzee mmoja wa Garsen alinipigia: maji yamefika wapi, ng'ombe awapeleke upande gani? Nikafungua picha za kamera. Nyeupe tupu, kama pamba iliyoanikwa mkekani. Za kesho yake pamba, za keshokutwa pamba. Nikahamia picha za rada, ambayo hupenya mawingu, kutoka setilaiti za Sentinel-1; Ulaya huzitoa bure. Kwenye rada maji yaliyotulia huonekana meusi, kwa sababu uso wake laini huyatupa mawimbi upande mwingine badala ya kuyarudisha. Nikauona mto wote, mweusi, umevimba hadi kwenye mashamba ya mpunga. Shida ikawa tarehe: picha ilikuwa ya siku kadhaa nyuma. Setilaiti hizo zilikuwa mbili, lakini Sentinel-1B iliharibika Desemba 2021, na wakati huo ilikuwa imebaki moja, ikirudia njia ileile kila baada ya siku 12. Nilipompigia mzee, ng'ombe walikuwa wameshahama. Aliwauliza wavuvi.

Ombi langu ni moja: mzigo unaofuata uwe rada.

Najua wahandisi wako watasema nini. Rada hula umeme, antena yake ni kubwa, haiingii kwenye setilaiti ya ukubwa wa mkate. Ni kweli. Ila kampuni ya ICEYE ya Ufini ilirusha setilaiti yake ya kwanza ya rada Januari 2018, na haikufika kilo 100. Gharama tugawane. Kwenye ClimCam, kamera ya Kenya, Uganda na Misri iliyopewa nafasi kwenye jukwaa la Bartolomeo, nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, hamkununua setilaiti yoyote. Kilichotakiwa kwenu ni mzigo. Njia mnaijua. Safari hii waiteni na Watanzania, maana Aprili ileile Rufiji nayo ilikuwa imefurika, na mawingu yalikuwa hayo hayo.

Na antena, hata kama fremu itatoka Sofia au Helsinki, iundwe na mikono ya hapa. Vijana wapo.

Kabla zabuni haijaandikwa, tuma watu wako Garsen mwezi wa Mei. Wapite Malindi kwanza niwaonyeshe zile picha nyeupe. Barabara ikiwa inapitika, mzee atawapokea.

Wako,
Mchora ramani, Malindi