Barua kutoka Mtaa wa Sikukuu

Mpendwa swahibu yangu,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata, nami nimefurahi mno kusikia kwamba mama amepona mguu. Umeniuliza jambo moja tu, nalo ni zito: je, akirudi Kariakoo kuishi katika chumba cha mbele cha nyumba yenu, atakuwa salama? Nimekaa nalo wiki nzima, nikaizunguka mitaa mchana na usiku ili nisikujibu kwa kumbukumbu za utotoni.

Wakati ule nyumba yenu haikuwa na kinga zaidi ya komeo la mti. Ilikuwa na vyumba sita, ukumbi katikati, uani jiko na choo cha wapangaji wote, na mbele baraza ambapo bibi yako aliketi tangu alfajiri akichoma vitumbua. Asiyejulikana akipita pale mara mbili, bibi alimwita kwa adabu na kumuuliza, "Wewe mwanangu ni mtoto wa nani?" Mgeni akija kulala, balozi wa nyumba kumi alipaswa kuarifiwa. Hatukuuita ulinzi, lakini ndio uliotulinda. Hata hivyo sitaki kuupamba, maana nawe ulikuwapo siku ile kijana mmoja alipopigiwa kelele za mwizi karibu na Msimbazi, na watu wale wale waliotulea wakaokota mawe, wala hatukupata kujua kama kweli aliiba. Mtaa uliotujua kwa majina ulikuwa mkali sana kwa asiye na jina.

Wazee wengi husema mtaa uliharibiwa na vibaka wa miaka ya dhiki baada ya vita vya Kagera. Mimi naona biashara ndiyo iliyoubadilisha, tena polepole, kwa hiari yetu wenyewe. Utakumbuka kwamba jina Kariakoo lilitokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Basi ni mahali palipoanza kwa mizigo, na kwa mizigo pameendelea. Lile soko kubwa alilolisanifu Beda Amuli, lenye mapaa ya zege mfano wa miavuli, lilipofunguliwa mwaka 1975, bado pembeni yake palikuwa na watu wanaolala, wanaozaa na wanaozika. Ruksa ya Rais Mwinyi ilipoleta bidhaa za nje, chumba cha mbele kilianza kulipa zaidi kikiwa fremu ya duka kuliko kikiwa na mpangaji na watoto wake. Nyumba moja baada ya nyingine, warithi wakagawana fedha, wakahamia Mbagala, Tabata au Kimara, na mahali pa baraza pakasimama ghorofa. Siwalaumu; watoto wa ndugu sita hawawezi kugawana vyumba sita.

Sasa ukija saa tano usiku utaona taa kali na milango ya chuma iliyoshushwa, na mlinzi kwenye kiti cha plastiki kila baada ya maduka machache. Mkoba wa mama pengine utakuwa salama kuliko zamani. Lakini nimehesabu, na katika sehemu yetu ya mtaa sikuona dirisha zaidi ya mawili yenye mwanga wa watu wanaoishi. Akianguka usiku, atamwita nani? Mlinzi amewekwa kulinda vitenge, na zamu yake ikibadilika anakuja mwingine.

Hata hivyo si upweke unaonitisha zaidi. Soko liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, nami nilitazama moto ule kwa mbali. Kisha tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa likaporomoka asubuhi likiwa na wafanyabiashara ndani, na kwa siku kadhaa tulipita karibu na kifusi tukiongea kwa sauti ya chini. Tangu hapo siwezi kuingia dukani bila kuangalia nguzo. Jirani yenu wa kulia anachimba ghorofa ya chini ya ardhi, na ukuta wa chumba cha mama umepata ufa tangu dirishani hadi sakafuni. Nilitia kidole, kikaingia hadi pingili ya kwanza.

Kwa hiyo nakuomba, ingawa moyo wangu ungependa kumwona barazani kesho, usimlete kwanza. Tafuteni mhandisi asiyelipwa na jirani aukague ukuta na msingi, nanyi warithi mwandikie halmashauri ya jiji kabla shimo halijafika chini zaidi. Mimi nitakuwapo siku ya ukaguzi. Kitasa cha chumba cha mbele nimekitia mafuta, na funguo ninazo.

Wako akupendaye,
Jirani yako wa ng'ambo ya pili