Barua ya wazi kwa mheshimiwa wa mipango ya tabianchi: tunaomba ramani yetu

Mheshimiwa, salaam.

YAH: RAMANI YETU YA KARATASI YA MANILA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Najua una kazi nyingi, juzi tu tumekuona pichani kwenye warsha na koti lako zuri, ila naomba dakika chache.

Usiku wa kuamkia Jumatatu mlima umeshuka. Huku Usambara mvua ikikaza watu hatulali, tunasikiliza, na usiku huo tukasikia kitu kama lori linamwaga kokoto halafu haziishi. Asubuhi shamba langu la kabichi, robo tatu eka, halipo. Yani sio kwamba kabichi zimeharibika, shamba lenyewe halipo, umebaki mwamba. Jiko la jirani limefukiwa na mbuzi wawili ndani, na mama mkwe wangu kavunjika mkono akikimbia gizani. Hajafa mtu, tunamshukuru Mungu, ila hiyo ni bahati tu, haikuwa kwenye mpango wa mtu yeyote.

Sasa kinachoniuma. Miaka miwili nyuma ulikuja na wataalamu wako, mkatugawa makundi, wanawake kivyao, vijana kivyao, wazee kivyao, mkatupa manila na maka peni tuchore kijiji, penye hatari tupake nyekundu. Babu mmoja akawaonyesha kabisa, hapa chemchemi zimeanza kutoka mahali hazikuwahi kutoka, miti imeinama, ardhi ina ufa unaoingia mguu, hapa patashuka. Mimi mwenyewe ndo nilipaka ile nyekundu. Ukapiga picha na ramani, ukasema kwa kinywa chako haitakaa kabatini, itarudi kwetu ikiwa mpango, na kipima mvua kitawekwa shuleni ili mvua ikizidi kiwango watu wahame mapema. Tukapiga makofi, tukanywa soda.

Basi mheshimiwa, pameshuka palepale.

Tangu siku hiyo nimehojiwa na watafiti mara tatu. Dodoso kurasa kumi na kitu, kaya ina watu wangapi, mvua zimebadilikaje, unahimili vipi. Vijana wapole, siwalaumu, nimewajibu mpaka mwanangu kayakariri majibu: vuli inachelewa, na ikija inamwagika yote siku mbili. Hilo jibu liko kwenye ripoti ngapi mpaka leo? Na hizo ripoti nasikia ni za Kiingereza, labda mlima wetu unasoma Kiingereza.

Tena msiseme wananchi wagumu kubadilika. Kule Mlalo, huku huku Usambara, mwaka 1946 mkoloni alileta mpango wake wa matuta kwa lazima, wazee wakaukataa mpaka ukafa, lakini miaka ya 80 ulipokuja SECAP, mradi wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, na majani ya guatemala ya kupanda kwenye kontua, ile mistari inayokata mteremko, wengi waliyashika, maana yanazuia udongo na ng'ombe anakula. Kitu cha maana hatukikatai. Taifa lina mpango wa kuhimili mabadiliko ya tabianchi tangu 2007, ukaja mkakati wa 2012, ukaja mwingine wa 2021 mpaka 2026, aliyezaliwa na ule wa kwanza sasa hivi ananyoa ndevu.

Ila Sheria ya Mazingira ya 2004 mnaikumbuka vizuri sana ikifika kwenye zile mita 60 kutoka mtoni, tusilime humo. Hapo mnakuja na futi kamba kabisa. Huku kwetu bondeni ndo tambarare pekee, mkitutoa tunapanda juu, tukipanda juu tunalima mteremko, mteremko ukishuka tunaambiwa tumeharibu mazingira. Tukalime hewani?

Mimi sio mtaalamu ila nahisi sio mvua peke yake, ni ile barabara iliyochongwa juu yetu bila mfereji, maji yote yanatuangukia sisi. Wengine wanasema ni ile mikaratusi iliyokatwa, mizizi imeoza. Inawezekana. Mtaalamu wako angetuambia, kama angekuja.

Siombi fidia. Haya, nilitaka kuiomba, maana mbolea nilinunua kwa mkopo wa vikoba na marejesho ni Ijumaa, ila jibu lako nalijua. Hata kipima mvua nimeacha kuuliza. Naomba ramani tu. Kwenye ile manila nyekundu zilikuwa tatu. Moja ndo hii imeshaenda. Ya pili tunaikumbuka, iko juu ya darasa la kwanza. Ya tatu tunabishana toka Jumatatu, wengine wanasema upande wa msikiti, wengine wanasema kule kisimani, na babu aliyetuonyesha tumemzika mwaka jana. Kuna nyumba kumi na moja katikati ya huo ubishi na masika bado haijakolea.

Turudishieni ramani yetu mheshimiwa. Sio ripoti, sio kitabu chenye picha yako, ile manila. Mkutano wa kijiji ni Jumamosi saa nne, mpe hata dereva ailete, wewe usijisumbue. Na kama imepotea sema imepotea, tujue tunahamisha watu wa wapi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima aliyepaka nyekundu