Risala ya Kikundi cha Kutunza Garimoshi la Mvuke kwa Mgeni Rasmi, Moshi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa dini na wa serikali, wazee wetu mliofanya kazi reli, walimu, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu licha ya majukumu mengi uliyonayo, na kwa kufika saa ile ile iliyoandikwa kwenye kadi, jambo ambalo wanakikundi tumelipokea kama dalili njema.

Reli hii ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905, Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, na dizeli kushika nafasi ya mvuke, injini nyingi za zamani ziliishia kwa wakataji wa chuma chakavu. Kikundi chetu kiliundwa ili kuinusuru moja.

Tangu hapo tumepata mafanikio makubwa. Tumesugua kutu ya magurudumu yote kwa msasa, tumepaka rangi, tumepanda maua kando ya reli, tumefungua akaunti ya benki, na vijana wawili sasa wanajua kupaka grisi na kusafisha vali chini ya uangalizi wa mzee wetu aliyechochea moto enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Hayo ni machache kati ya mengi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kilichotusimamisha mbele yako leo ni boila, yaani tangi la injini linalochemsha maji yawe mvuke. Wageni wengi waliotutembelea walipendezwa na rangi, wakapiga picha, na waliotuchangia walitoa fedha za rangi, kwa sababu rangi inaonekana. Boila haionekani. Ndani yake mna mirija ya chuma inayopitisha moshi wa moto katikati ya maji, na ndiyo inayochemsha maji hayo. Mwezi uliopita tulichomoa mrija mmoja: nje umejaa ukoko mweupe, mgumu kama ule wa birika la chai, na chini ya ukoko chuma kimeliwa hadi kidole kinahisi mashimo. Mrija ukiwa hivyo, kuwasha moto ni kuhatarisha maisha ya watu, nasi hatutawasha.

Kinachotakiwa ni mirija yote kubadilishwa, kisha boila ijazwe maji baridi na kushindiliwa kwa mgandamizo unaozidi ule wa kazini, mbele ya mkaguzi mwenye sifa, ili kama kuna udhaifu uonekane kwa maji kuvuja na si kwa mlipuko. Mirija ya kiwango hicho haiuzwi katika maduka yetu ya vifaa vya ujenzi. Huagizwa nje na kulipiwa kwa dola, halafu bandarini unasubiri ushuru. Michango yetu ya kila mwezi inanunua oili, vitambaa vya kufutia na posho ya mlinzi, basi.

Tunafahamu kwamba shida hii si yetu peke yetu. Huko Uingereza, injini ya Flying Scotsman iliyojengwa mwaka 1923 ilinunuliwa na makumbusho ya taifa ya reli mwaka 2004 kwa pauni milioni 2.3, lakini kuitengeneza hadi iliporudi relini mwaka 2016 kuligharimu pauni milioni 4.2. Na hata ikishatembea gharama haziishi, kwa kuwa huko ni desturi boila kufumuliwa na kukaguliwa upya kila baada ya miaka kama 10. Ndiyo maana hatuombi msaada wa siku moja. Tunaomba mirija sasa, na fungu dogo la kila mwaka la ukaguzi, ili nauli za watalii na wanafunzi zibebe mafuta, maji na mishahara.

Tunasema haya kwa uchungu kidogo, utuwie radhi. Injini 34 za mvuke za aina iliyoitwa daraja la 59 (Class 59), zilizojengwa Manchester kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki, zilipewa majina ya milima yetu. Mbili zimehifadhiwa Nairobi: Mount Gelai, mlima ulioko Longido, na Mount Shengena, kilele cha Upare, humu humu mkoani kwetu. Tunawapongeza majirani kwa kuzitunza. Lakini mtoto wa Same anayetaka kuiona injini yenye jina la mlima wa kwao inambidi avuke mpaka.

Miaka mitatu iliyopita, mgeni rasmi wa siku ile alisimama hapo uliposimama wewe, akatamka mbele ya hadhara kwamba fedha za mirija zingepatikana kabla ya mvua za masika. Tulimpigia makofi mengi, na tukamvika mgolole. Masika matatu yamepita. Tumeandika barua nne, na nakala zake, zikiwa na mihuri ya kupokelewa, zimo katika bahasha utakayokabidhiwa pamoja na makadirio ya fundi. Hatumlaumu mtu. Tunakuomba tu, Mheshimiwa, kama jambo hili liko nje ya uwezo wako, utuambie leo hii, tubishe mlango mwingine wakati mzee wetu wa kufundisha vijana bado ana nguvu za kupanda ngazi ya injini.

Kabla hujaondoka tunakuomba upite mezani, pale mlangoni. Ule mrija tumeuweka juu ya gazeti. Uushike.

Tunaomba kuwasilisha.